Kwa mwanangu Nassor, kuhusu hiyo fleti ya Paje

Asalaam alaykum mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza, kwamba unataka kununua fleti Paje, huko pwani ya Unguja, uwapangishe watalii, furaha yako nimeisikia, na mie najisifu kwa majirani kwamba mwanangu yuko Maskati na hali hela zake ovyo. Ila kuna kitu hukunambia. Masika je?

Huyo dalali kakutumia hesabu, fleti dola 95 elfu, usiku mmoja dola 80, mwaka mzima imejaa, miaka mitatu minne pesa imerudi. Hiyo hesabu ya Agosti baba. Agosti hata banda la kuku Paje linapata mgeni. Mwezi wa Mei nani analala humo? Mtoto wa shoga yangu anasimamia fleti za watu kule, Mei kazi yake kutoa magodoro juani likitoka kidogo, yasishike ukungu, anafua mashuka hayajalaliwa na mtu, na mwenye nyumba yuko Ulaya anapiga simu kuuliza hela iko wapi. Huyo ndo wa kumuuliza, sio dalali, dalali kashakula chake siku unayosaini.

Wewe umesoma, mie ndo nikufundishe? Ingia Airbnb, ule mtandao wa kupangishia wageni, tafuta fleti kama hiyo yako, vyumba vile vile, mwendo ule ule mpaka baharini, tazama kalenda zao mwezi kwa mwezi. Na bei iliyoandikwa sio iliyolipwa, mtu anaandika 80 mvua ikianza anakubali 40. Halafu Mtakwimu Mkuu wa Serikali anatoa idadi ya watalii kila mwezi, bure, zisome. 2019 waliingia zaidi ya laki 5, 2020 ikaja korona wakawa laki 2 na kitu, na mkopo wa benki haujui korona. Sasa ivi wageni wengi kweli alhamdulillahi, lakini fleti nazo zinaota kila siku, Paje, Jambiani, Fumba huko, na hizo zinazojengwa zihesabu pia maana mtagawana wageni hao hao. Toa kamisheni, mfagizi, umeme, jenereta, ile hela ya matunzo ya kila mwezi, kisha unambie Mei inabaki nini.

Na jingine. Zile fleti bei yake imewekwa ya wageni, kwa sababu mgeni hawezi kumiliki ardhi huku, fleti ndo anayoweza kununua. Wewe Mzanzibari, bei ya mgeni unailipia nini? Nyumba ya kupangisha nesi au mwalimu hapa mjini kodi yake ndogo, sawa, ila nesi Mei yumo ndani. Sisemi usinunue. Na ukitaka kiwanja ujenge mwenyewe, usichukue kwa mdomo, waraka uhakikishwe Kamisheni ya Ardhi, na sheha aulizwe kama hakina kesi.

Hiyo bukingi, hela ya kushikia fleti, usilipe mpaka dalali aonyeshe mapato ya Aprili na Mei ya fleti nyengine alizouza. Akisema mradi ni mpya, mapato hayo hana, basi keshakujibu.

Pampu ya maji imekufa tena, fundi anataka laki na nusu, nimemwambia asubiri. Babaako dawa za presha zipo mpaka mwisho wa mwezi. Jumapili kuna mtu anakuja huko, nimempa achari ya mbirimbi na pilipili ya kusaga, kampokee uwanja wa ndege wewe mwenyewe, simu yake hapokei huyo.

Mamaako