Jibu nililokukosea

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo pamoja na wote wa nyumbani. Mimi ni mzima. Ukimya wangu wa miezi minne umetokana na aibu. Usiku ule uliponiuliza ni nini kinachozuia kiini cha atomu kisisambaratike, nilijibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni nguvu ya mvutano (graviti, ile iangushayo vitu chini), na Juma akaniunga mkono kwa makofi. Tulikosea sote wawili.

Nimeipiga hesabu. Protoni, yaani chembe za kiini zenye chaji chanya, zikiwa mbili kwa umbali wa femtomita moja, yaani mita moja iliyogawanywa mara trilioni elfu moja, husukumana kwa takriban newtoni 230, ambao ni uzito wa mzigo wa kilo 23. Mvutano uliopo baina yao ni dhaifu kuliko msukumo huo mara trilioni trilioni trilioni moja, kwa hiyo jibu langu halikukosea kwa kidogo. Kinachozishika ni nguvu kali ya nyuklia, nayo ni nguvu ya majirani tu: ikishapita femtomita mbili tatu hivi haisikiki tena, ilhali msukumo wa umeme hufika kila upande wa kiini. Ndiyo maana kiini cha risasi, ile metali nzito, chenye protoni 82 huwa, katika aina yake iliyo nyingi zaidi, na nyutroni 126, chembe zisizo na chaji, ambazo huongeza mshiko bila kuongeza msukumo.

Jambo lililoninyima usingizi, hata hivyo, limo ndani ya protoni yenyewe. Humo mna kwaki tatu, chembe ndogo zaidi, zilizofungwa na gluoni, chembe zinazobeba nguvu kali, na ukijumlisha masi (kiasi cha maada) za kwaki hizo unapata kama asilimia 1 tu ya masi ya protoni. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni nishati ya mwendo wao na ya gluoni. Maana yake ni kwamba mvutano nilioutetea kwa sauti kubwa hushika masi ambayo karibu yote imeletwa na nguvu niliyoisahau. Usimwambie Juma bado. Nataka kumwambia mwenyewe.

Je, ulikuwa unalijua jibu ulipouliza? Mbona hukunikatiza? Na hili linalosemwa, kwamba kinachoshikanisha protoni na nyutroni ni masalio tu ya nguvu inayofunga kwaki, wewe umelielewa vipi? Utaniandikia lini?

Wako,
Hamisi