Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Paa Kwanza, Injini Baadaye

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na salamu kwenu nyote mlioko hapa kusini mwa Uingereza, pamoja na mnaotufuata kutoka Mombasa, Unguja na Muscat. Ya kawaida nayapitia mbio. Ada zimekusanywa, kodi ya banda imelipwa, na hesabu atawasomea mweka hazina, ambaye hapendi nimdokolee kazi yake. Mimi nitazungumzia lile lililotugawa mwaka mzima: kamati kukataa injini mbili za dizeli tulizopewa bure kwa ajili ya boti yetu, ile ya mbao ya mashindano ya zamani tunayoifufua.

Wengine mlikasirika, na hasira zenu nazielewa. Boti ya mashindano inataka kunguruma. Lakini kabla ya kunilaumu, tujiulize kwanza boti za mashindano za zamani hufa vipi.

Zinazofia baharini ni chache, na habari zake hazipotei. Boti ya tajiri Richard Branson, Virgin Atlantic Challenger, ilizama 1985 karibu na visiwa vya Scilly ikiwa imebakiza kidogo tu kuimaliza Atlantiki, na mpaka leo inasimuliwa. Nyingi zaidi hufia nchi kavu bila mtu kujua. Boti inashinda msimu mmoja au miwili, inakuja nyingine yenye kasi zaidi, au kanuni zinabadilika. Mwenyewe anazing'oa injini na kuziuza, maana fedha iko kwenye injini. Mwili unasukumwa nyuma ya karakana na kufunikwa turubai. Turubai linachanika, mvua inaingia, maji yanatuama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo. Na mvua ni adui kuliko bahari: chumvi huzuia kuvu linaloozesha mbao, maji baridi hulilisha. Zile za faiba zina msiba wake. Haziozi, kwa hiyo hakuna anayezionea huruma. Karakana ikitaka nafasi zinakatwa kwa msumeno na kupelekwa jaani.

Sasa, wale wenu mliokulia kwenye majahazi mna njia yenu ya kutengeneza chombo, na mwanzoni mlidhani itafaa hapa. Jahazi lina mkuku, yaani uti wa mgongo wake, mataruma, yaani mbavu, na mbao. Ubao ukioza fundi anautoa, anachonga mwingine, anapiga kalafati kuziba nyufa, na chombo kinarudi majini. Boti nyingi za mbao zilizoshindana miaka ya 1960 hazina ubao wa kutoa. Mafundi walichukua vipande vyembamba vya mkangazi, wakavilaza juu ya kalibu kwa mshazari, tabaka moja likielekea huku na jingine kule, wakavigandisha kwa gundi mpaka ukapatikana mwili mmoja mwepesi usio na mshono. Nguvu yote iko kwenye kushikana kwa matabaka. Gundi ikiachia ndani, nje rangi bado inang'aa. Ndiyo sababu mlimwona fundi wetu akigongagonga tumbo la boti kwa nyundo ndogo ya mbao na kusikiliza: penye afya panalia kavu, palipoachana panalia bubu. Kazi hiyo imekamilika ubavu wa kulia. Ubavu wa kushoto una maeneo mabaya karibu na tezi, yaani nyuma, na hali yake sitaipamba.

Kwa wanachama wapya, niseme kwa nini tunahangaika na magofu haya. Mwaka 1960 Richard Bertram aliingia mbio za Miami hadi Nassau na boti ya mbao iitwayo Moppie, iliyochorwa na Ray Hunt. Tumbo lake lilikuwa la V iliyochongoka kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, wakati boti nyingine zilikuwa zinalala bapa kuelekea nyuma. Bahari siku hiyo ilichafuka vibaya. Moppie ilifika Nassau kwa muda wa saa nane hivi, ya pili ikaja saa mbili baadaye, na zilizosalia zikaonekana kesho yake. Boti za mwendo kasi mnazoziona leo katika bandari karibu zote, zikiwemo zinazobeba watalii kule kwetu, zina deni kwa umbo lile.

Mwaka uliofuata Sir Max Aitken na gazeti la Daily Express wakaanzisha mbio za Cowes hadi Torquay, na maji haya ya Solent, kati ya bara na kisiwa cha Wight, yakawa uwanja. Tommy Sopwith alishinda mara ya kwanza na Thunderbolt. Mwaka 1963 akashinda Renato Levi, aliyezoeleka kwa jina la Sonny, akiendesha mwenyewe A'Speranziella aliyoichora mwenyewe. Levi namtaja kwa furaha ya pekee kwa sababu alizaliwa Karachi na akafanya kazi Bombay kabla ya Italia. Ni mtu wa bahari yetu kwa namna fulani, na mimi sioni haya kumdai. Alifariki 2016. Mchoro wake ambao napenda kuliko yote ni Surfury, futi 36, iliyojengwa na Souter pale Cowes mwaka 1965 kwa ndugu wawili wa ukoo wa Gardner: injini mbili za petroli, moja nyuma ya nyingine, zikizungusha propela moja. Ilishinda mbio hizo za Cowes 1967, na bado ipo.

Suala la urefu limeulizwa mara nyingi. Sajili ya taifa ya vyombo vya kihistoria hapa Uingereza hupokea chombo cha futi 33 na zaidi, chenye miaka zaidi ya 50 na ambacho sehemu kubwa ya asili yake haijapotea. Surfury inatosha. Yetu ni fupi. Njia yake ni ile sajili ya boti ndogo inayotunzwa na makumbusho ya bahari ya Falmouth. Hata hivyo msitegemee mno. Kusajiliwa hakumzuii mwenye boti kuikata kesho asubuhi akitaka, kwani sheria haimshiki.

Nije kwenye jina la boti yetu, ambalo bado hatulijui, maana maneno yamekuwa mengi. Kuna wanaotaka tutangaze kwamba ni moja ya boti mashuhuri, ili wafadhili waje. Kamati imekataa. Tulichonacho ni alama: matundu yaliyozibwa ya bomba za moshi, nafasi ya matangi ya mafuta, kivuli cha namba ya mashindano chini ya rangi, na boriti mbili za kulalia injini zenye matundu ya boliti za awali. Umbali kati ya matundu hayo ukipimwa unaweza kueleza ni injini ya aina gani ilikaa pale, na injini ikijulikana, orodha ya boti zinazowezekana inapungua sana.

Hapo ndipo palipozikwamisha injini za bure. Ni pana. Kuziingiza kungetulazimu kuzikata boriti hizo, tukapata ngurumo na kupoteza ushahidi pekee wa jina. Aliyetupa amepokea jibu letu kwa uungwana, na tunamshukuru.

Nakubali hoja ya upande wa pili ina uzito. Boti inayokwenda hupata marafiki. Virgin Atlantic Challenger II, nayo kazi ya Levi, iliyovuka Atlantiki 1986 kwa siku tatu na saa nane na dakika, isingehangaikiwa kama watu wasingetamani kuipanda tena. Ila kuna wanaosema tuikimbize yetu kwa kasi yake ya zamani. Hilo hapana. Didier Pironi na wenzake wawili walifariki wakishindana kwa boti 23 Agosti 1987 karibu na Isle of Wight, na Stefano Casiraghi akafa katika mashindano kama hayo karibu na Monaco 1990. Baada ya hapo ndipo mikanda na vyumba vilivyofunikwa vikawa lazima. Yetu ni wazi kabisa, na wanaosimama ndani yake ni baba za watu.

Kwa hiyo kamati inaleta maazimio mawili mpige kura. La kwanza, fedha zote za mwaka ujao ziende kwenye paa la banda na kuingiza hewa chini ya boti, bila senti moja kwa injini. La pili, tuwarekodi kwa sauti mafundi wazee walioshiriki mbio za miaka ile hapa Solent, tukianza na wenye umri mkubwa, na nakala ziwekwe kwenye maktaba ya umma pamoja na vipimo vyetu.

Uchaguzi wa katibu utafuata baada ya chai. Wanaogombea wawe wamekaa upande wa mlango, na yeyote aliyeazima kipima unyevu cha chama akirudishe leo.

Mwenyekiti