Shukrani kwa niliorekodi nao

Mhariri,

Naomba nafasi niwashukuru wenzangu baada ya kukamilisha albamu yangu ya taarab hapa Unguja. Tangu Siti binti Saad aende Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, sifa nyingi hutuangukia sisi waimbaji. Si haki. Mpiga ganuni wangu alikesha akikaza nyuzi, tatu tatu kwa kila sauti, maana unyevu wa masika huzilegeza. Na feni tumeizima isisikike kwenye rekodi, jasho linamchuruzika mpaka vidoleni. Wa fidla, wa dumbaki na waitikiaji, ahsanteni sana. Fundi mitambo naye, aliyenivumilia nikirudia ubeti uleule (mwenyewe nilishachoka), Mungu amzidishie. Majina yao yote nimeyaweka kwenye jalada, kwa herufi sawa na za langu.

Mwimbaji wa taarab,
Mkunazini, Unguja