Kukariri si kipawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyozitambua dalili za mapema za kipawa kwa mtoto mdogo. Mtoto anayehesabu hadi 100 mbele ya wageni bila kukosea ndiye anayesifiwa kuwa ana akili nyingi, ilhali alichoonyesha huenda ni kumbukumbu nzuri tu, pamoja na subira ya mzazi aliyemfundisha.

Dalili zenye uzito hazina mbwembwe. Mtoto wa miaka minne mwenye kipawa huuliza swali, na akishajibiwa hurudi kesho yake na swali jingine lililozaliwa na lile jibu: ukimwambia kwamba mwezi hauna mwanga wake wenyewe, atataka kujua kwa nini basi siku nyingine huonekana nusu. Hupanga vitu kwa kanuni aliyoitunga mwenyewe, na ukiivuruga atakuonyesha ulipokosea. Huzama katika jambo moja kwa muda mrefu kuliko wenzake, hutumia maneno ambayo hakuna anayekumbuka kumfundisha, na mara nyingi huguswa mno na habari za kifo au uonevu. Wapo wanaojifunza kusoma kabla ya kuanza shule, lakini asiyefanya hivyo hajapungukiwa na kitu.

Kinachotupotosha zaidi ni kwamba ukuaji wa watoto hawa hauendi sambamba. Akili yaweza kuwa ya miaka saba na vidole vikawa vya miaka minne, hivyo mtoto anayejua barabara anachotaka kuchora huichana karatasi kwa hasira kwa sababu mkono haukumtii, nasi tukamwita mkaidi. Mwingine huwasumbua wenzake kwa kuwa somo analijua tayari. Nilipokuwa mwalimu wa chekechea nilimwadhibu mmoja wa namna hiyo kwa utundu, na ilinichukua muhula mzima kubaini kwamba alikuwa amechoshwa nami.

Wengine watasema tuwape watoto majaribio ya akili. Yana nafasi yake, ingawa alama za mtoto mdogo hubadilika sana kadiri anavyokua. Tukumbuke pia kwamba Alfred Binet, mwanasaikolojia wa Ufaransa, alipotoa jaribio lake la mwaka 1905 akishirikiana na Théodore Simon, alikusudia kuwatambua watoto waliohitaji msaada darasani. Lewis Terman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza mwaka 1921 kuwakusanya watoto wenye vipawa kule California kwa ajili ya utafiti, aliwaacha nje William Shockley na Luis Alvarez kwa kuwa alama zao hazikutosha. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mwaka 1956 na 1968.

Ninapendekeza jambo dogo: mzazi awe na daftari la kuandika maswali ya mtoto wake kama alivyoyatamka, kila moja na tarehe yake, kisha siku ya kumwandikisha shule alikabidhi daftari hilo kwa mwalimu.

Wako,
Mwalimu mstaafu