Barua ya wazi kwa Gavana wa Haut-Katanga: makala yetu ya kupikia sasa yanatoka mbali

Mheshimiwa Gavana,

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nawasha mbabula, jiko letu la makala, yaani mkaa. Yale ninayofundisha darasani na yale ninayofanya uani yamenisumbua moyo siku nyingi.

Baba anayetuletea makala kwa baiskeli tunamfahamu miaka mingi. Juma lililopita alifika jua likizama, magunia matatu yamekazwa kwa kamba za mpira, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini. Nilimpa maji, akakaa. Akaniambia kwamba zamani alitoka alfajiri na kurudi jioni ileile. Sasa analala njiani siku mbili. Akachomoa kipande kwenye gunia, chembamba kama kidole gumba. "Mama Mwalimu, miti mikubwa imekwisha. Siku hizi tunachoma watoto wa miti."

Matanuru yetu ya udongo yanapoteza sana: kilo 100 za mti hutoa makala kilo 10 hadi 20 hivi. Sehemu kubwa ya mti ule inapotea kwa moshi na hewa ya ukaa. Miombo huchipua tena kwenye visiki ikipewa miaka, lakini hatuipi. Ndiyo maana hata matunda ya masuku na uyoga tunavitafuta mbali.

Sisemi sisi ndio tulioipasha dunia joto. Tangu viwanda vianze kuchoma makaa ya mawe, kisha petroli na gesi, hewa ya ukaa angani imepanda kutoka sehemu 280 hadi zaidi ya 420 katika kila milioni, na sehemu ya Mkongomani humo ni ndogo mno. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kupita nyuzi 1.5 juu ya joto la kabla ya viwanda.

Hasara tuliiona kwenye unga. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. El Niño ndiyo iliyochangia zaidi, ila dunia ikiwa na joto zaidi udongo hukauka upesi na mahindi huungua yangali machanga. Unga wetu mwingi hutoka huko, ukipitia mpaka wa Kasumbalesa. Nyumbani kwangu bukari, yaani ugali, ikawa ya mara moja kwa siku, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa akilala akiuliza kesho tutakula nini. Mvua nazo, zikija, huja kwa kishindo, kwa sababu kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Na maji yasipokuta miti hukimbilia mtoni na udongo wetu.

Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza: "Mwalimu, kobalti yetu inapunguza moshi wa magari ya Ulaya. Moshi wa mama yangu utapungua lini?" Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Tangu 1982 waya wa kilomita 1,700 unaleta umeme wa bwawa la Inga hadi Katanga kwa ajili ya migodi. Kabine ya mtaa wetu, yaani transfoma ya umeme, iliungua, tukachangishana, tukangoja miezi minane. Waliokuwa na resho, jiko la umeme, wakarudi kwenye mbabula.

Mheshimiwa, Kodi ya Madini ya 2018, yaani sheria ya madini, inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, yaani malipo ya migodi kwa madini inayochimba. Naomba utuambie hadharani ni kiasi gani kitakwenda kwenye kabine za mitaa na kiasi gani kwenye mashamba ya miti ya makala. Jambo hili si geni nchini: Mampu, kwenye uwanda wa Bateke, kuna hekta 8,000 hivi za akasia, na wakulima hulima muhogo katikati ya miti michanga. Usiwatume polisi kuwanyang'anya watu baiskeli. Hilo litapandisha bei tu, na miti itakatwa usiku.

Wape wachomaji wenyewe mashamba hayo, yakiwa na hati. Yule baba aliniambia angepanda hata kesho, angekuwa na hakika kwamba hatafukuzwa miti ikikua. Mvua huanza Novemba. Mbegu zikisiwa kwenye viriba mwezi Agosti, miche itakuwa tayari ardhi ikilowa.

Mwalimu wa jiografia,
Katuba, Lubumbashi