Tuhesabu mikoko iliyopona, si iliyopandwa

Mhariri,

Kila msimu wa kupanda miti ukifika, magazeti hutuletea picha ile ile. Waheshimiwa wamekunja suruali, matope yamewafika vifundoni, na kila mmoja ameshika mche wa mkoko kama mtu aliyeshika mshumaa. Chini yake pameandikwa idadi ya miche iliyopandwa siku hiyo. Sina ugomvi na picha hiyo. Ninachoomba ni picha ya pili, ipigwe pale pale baada ya miaka mitatu.

Mimi naishi ukingoni mwa Hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu hapa Mombasa, na nimo katika kikundi cha kulinda mikoko. Mwaka mmoja tulipata wafadhili. Walikuja na mabasi mawili, wakakuta maji yamekupwa na matope yako wazi hadi mbali, hayana hata mti mmoja. Wakapapenda hapo kwa kuwa pana nafasi. Mzee wetu mmoja, mvuvi wa kaa, akawaambia kwamba hapo hapana mti kwa sababu miti yenyewe imepakataa. Wakacheka, wakidhani mzee anatania. Tukachomeka miche mpaka maji yakaanza kujaa, tukala pilau, tukagawiwa fulana. Zilipopita bamvua mbili, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nusu ya miche ilikuwa imeng'olewa. Iliyobaki iliotwa na vile vijikombe vigumu vinavyoganda chini ya mitumbwi, ikalemewa, ikalala. Na sisi tukanyamaza, maana fulana tulishazivaa.

Watu wa mjini husema "mikoko" wakakusudia kila mti unaosimama kwenye maji ya chumvi, lakini mwambao una miti ya namna nyingi, na kila mmoja una makao yake. Mlilana ndio unaotazama bahari na kupokea mawimbi. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, hupenda matope laini ya kandokando ya mikondo. Muia na mkandaa hukaa nyuma yake, na mchu huvumilia hata kule juu ambako chumvi ni kali na maji hufika kwa nadra. Kwa nini basi sherehe zote ni za mkoko? Kwa sababu mbegu yake huchipua ikiwa bado juu ya mama yake, ikaanguka ikiwa kijiti kirefu, tayari kwa kuchomekwa. Mgeni hahitaji kufundishwa. Mlilana una mbegu ndogo inayotaka kitalu na miezi ya kulelewa, na mgeni ana basi linamsubiri.

Na shoka nalo lina gharama zaidi kwa mkoko. Mchu ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki. Mkoko uliokatwa chini ya majani yake umekufa, hauna kurudi.

Pale kikundi chetu kilipofanikiwa, hatukupanda kitu. Palikuwa na mfereji wa maji uliozibwa na udongo na mifuko ya plastiki, na nyuma yake miti ilikuwa ikikauka. Tukachimba, tukazoa taka, maji yakapata njia ya kuingia na kutoka. Vichipukizi vya mchu vikaja vyenyewe. Hakuna aliyekuja kutupiga picha tukiwa na majembe. Wanaokumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998 wanajua maana ya udongo kwenye mikoko: kule Mwache, mito ilishusha tope likafunika mizizi ya kupumulia na msitu mkubwa ukafa wima, bila shoka la mtu.

Wenzetu wa Gazi, Kwale, wametutangulia mbali. Msitu wao ulifyekwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani, na tangu 1991 watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, wamekuwa wakirudishia miti pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya kaboni, yaani unalipwa kwa kaboni ambayo miti huihifadhi, kutokana na hekta 117, na pesa zikaenda kwenye maji ya bomba na shule. Mnamo 2017 walitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watu husikia habari hiyo wakadhani ni hadithi ya kupanda. Sehemu kubwa ya hekta hizo ni msitu uliokuwapo tayari, na kazi kubwa ni kuulinda na kuupima, kwa sababu mnunuzi hulipia mti uliosimama. Wakapanda na mivinje nchi kavu, ili mwenye kutaka kuni na boriti awe na pa kwenda. Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata nyayo hizo kwa hekta 460.

Najua Tudor si Gazi. Sisi tuko mjini, maji machafu ya mitaa yanatujia, mitambo ya chang'aa imejificha humo humo mikokoni na kila pipa linakula kuni. Anayekata si mgeni, ni jirani yangu mwenye sufuria tupu. Mlinzi wa kujitolea hawezi kumfukuza jirani kila usiku kwa malipo ya fulana.

Serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ninauliza tu: ule mche wetu uliolala kwenye matope umo ndani ya hesabu hiyo? Ombi langu kwa wafadhili, kaunti na wanaosimamia misitu ni kwamba mtu akileta pesa za miche elfu, aache na pesa za kuilinda na kuziba mapengo kwa miaka mitatu, kisha arudi ahesabu iliyo hai. Na kabla ya kuchagua mahali, awaulize wavuvi maji yanafika wapi wakati wa bamvua na wapi wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo tu. Hilo halina gharama.

Nawe Mhariri, mtume mwandishi wako. Aje maji yakikupwa, viatu aviache nyumbani, na achukue ile picha ya siku ya sherehe kutoka kwenye makabati yenu. Mzee wa kaa atamwonyesha mahali ilipopigwa.

Msomaji wako,
Hori ya Tudor, Mombasa