Titani haishiki kutu, lakini baiskeli haiundwi kwa titani peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe kauli moja iliyomo katika makala mliyoichapisha majuzi kuhusu baiskeli za milimani. Mwandishi wake aliisifu fremu ya titani, na sifa hizo inastahili, lakini akamalizia kwa kuwahakikishia wasomaji kwamba anayeinunua hatakuwa na haja ya kuitunza, kwa kuwa metali hiyo haishiki kutu. Kwamba haishiki kutu ni kweli. Kwamba haihitaji matunzo si kweli, na kwa sisi tunaoishi kando ya bahari kauli hiyo inaweza kumtia msomaji hasara kubwa.

Nasema hivi kwa sababu yalinifika. Ninaishi Likoni, na miaka minne iliyopita nilinunua fremu ya titani iliyokwisha kutumika, ya ile aina ambayo waendeshaji huiita haditeli, yaani baiskeli yenye foki ya shoki mbele na nyuma isiyo na shoki yoyote. Niliiunda kwa miezi saba, kipande baada ya kipande kadiri mfuko ulivyoruhusu, na fundi niliyemwamini akaitia nguzo ya kiti ya alumini ndani ya bomba la fremu ikiwa kavu, bila grisi wala kitu kingine chochote, akiniambia kuwa titani haina maradhi. Mwaka ulipokaribia kwisha nilitaka kukishusha kiti ili mdogo wangu aijaribu, nacho hakikusogea hata upana wa ukucha. Tulijaribu mafuta ya kulegeza nati, maji ya moto, barafu na nguvu za watu wawili. Mwishowe nguzo ilikatwa juu, kisha ikachanwa kwa ndani kwa wembe wa msumeno wa chuma muda wa siku mbili, taratibu mno, kwa hofu kwamba jino moja likipotea njia lingeijeruhi fremu yenyewe.

Ndani ya bomba mlikuwa na unga mweupe, na unga huo ndio maelezo ya mkasa wote. Metali mbili tofauti zikigusana na kati yao pakawa na maji ya chumvi, hutokea mkondo mdogo wa umeme kama ule wa betri, na metali iliyo dhaifu hulika huku iliyo imara ikibaki salama. Titani iko karibu na kilele cha mpangilio huo wa uimara, nayo alumini iko chini sana. Jasho la mwendeshaji, mvua ya masika na hewa ya bahari vinatosha kuwa maji ya betri hiyo. Alumini inapolika hugeuka unga unaochukua nafasi kubwa kuliko metali yenyewe, na unga huo ukijaza upenyo mwembamba ulio kati ya nguzo na bomba, nguzo hubanwa kana kwamba imechomelewa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako: nguzo ya alumini huliwa ndani ya vazi lake la titani, nasi kwa nje tunaona fremu inayong'aa kama siku ya kwanza.

Kinga yake ni rahisi na ya bei ndogo. Nguzo ya alumini ipakwe grisi ya shaba, ile ambayo mafundi wa magari huitumia kwenye bolti zinazopata moto, na ichomolewe kila baada ya miezi miwili, ifutwe pamoja na bomba, ipakwe upya na kurudishwa. Huku Pwani mimi huifanya kazi hii kila mwezi, na haichukui hata robo saa. Nguzo ya kaboni isipakwe grisi bali ile marhamu maalumu yenye chembechembe kama mchanga laini, kwa sababu grisi huifanya iteleze, na mwenye kiti kinachoteleza hukaza bolti kupita kiasi hadi kaboni ipasuke. Kanuni ya grisi ya shaba inahusu pia kila skrubu inayoingia katika nyuzi za fremu, ikiwemo ya kishikio cha chupa ya maji. Hata bolti za titani haziwi salama kwa kuwa za jamii moja na fremu, kwani titani ikisuguana kavu na titani hung'ang'aniana na nyuzi zikachunika.

Makala yenu iligusia pia titani ya Kwale, na hapo nina neno kidogo. Ni kweli kwamba mchanga wa Kwale ulichimbwa kwa madini ya titani na zirkoni, na kwamba shehena ya kwanza ilitoka hapa kwetu Likoni mwaka 2014, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Lakini sehemu kubwa ya madini ya aina hiyo duniani haiwi metali kamwe. Hugeuzwa rangi nyeupe inayotiwa katika rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Kuitoa metali yenyewe kunahitaji klorini, magnesiamu na joto kali, kazi ambayo haikufanyika Kwale, kwa hiyo msomaji asidhani kwamba fremu anayoiona dukani ilipita kwenye kivuko chetu.

Niruhusu niseme jambo ambalo mwandishi wenu aliliruka, nalo ni namna ya kuikagua fremu iliyotumika, maana wengi wetu hatuwezi kununua mpya. Fremu nyingi za titani zimeundwa kwa mchanganyiko wenye alumini asilimia 3 na vanadi asilimia 2.5. Metali hiyo ina uzito wa gramu 4.5 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali chuma cha pua au cha kawaida hukaribia gramu 8, lakini ugumu wake wa kupinda ni kama nusu tu ya ule wa chuma, na ndiyo sababu mabomba yake hufanywa manene kuliko ya baiskeli ya chuma. Titani ikiwa na moto huivuta hewa na kugeuka tete, hivyo mchomeleaji hulazimika kuifunika kwa gesi ya agoni nje na kuijaza gesi hiyo ndani ya mabomba. Anayekagua atazame maungio: mshono wenye rangi ya fedha au ya majani makavu ni dalili njema, ilhali samawati iliyokoza, kijivu au weupe wa chokaa ni ishara kwamba hewa iliingia, isipokuwa pale ambapo mshono umepigwa msasa na dalili zimefutwa. Kisha apitishe kidole na tochi chini ya shingo ya fremu, yaani bomba la mbele linaloshika foki, kwenye ufa wa kubania nguzo ya kiti, nyuma ya krenki, yaani mikono ya pedeli, na mahali breki ya nyuma inapofungwa, maana nyufa huanzia huko. Akikuta ufa, tafadhali asimpelekee mchomeleaji wa mageti, hata awe hodari namna gani, kwa sababu bila agoni ndani na nje ataiharibu fremu ambayo ingeweza kuokolewa.

Katika kuunda, kosa ambalo nimeliona mara nyingi zaidi katika vibanda vyetu ni la beringi za krenki. Fremu yenye nyuzi za mtindo wa Kiingereza huwa na upande wa kulia unaokazwa kinyume cha mshale wa saa. Fundi asiyelijua hilo hukaza kwa mazoea, na akiona pagumu huongeza mti kwenye spana. Nyuzi za titani zikiharibiwa hivyo hazirekebishwi kwa urahisi, kwani metali hii huvichosha haraka vifaa vya kukatia. Vikombe vya beringi vianzwe kwa mkono mtupu, na visipoingia kwa mkono mizunguko mitatu au minne vitolewe na nyuzi zisafishwe kwanza.

Hapo ndipo ninapotaka wasomaji wawe wakali. Fundi anayegusa baiskeli ya aina hii awe na spana inayopima nguvu ya kukaza, ile inayoitwa toki renchi. Bolti za kubania usukani kwa kawaida hutaka kama nyutoni-mita 5, zile sita za diski ya breki kati ya 4 na 6, na pete ya kubania sproketi za nyuma hutaka 40. Tofauti ya 5 na 40 haijulikani kwa mkono uliochoka jioni, na mafundi wetu, ambao wengi wao wana akili ya kazi kuliko vifaa walivyo navyo, hawastahili kulaumiwa kwa kukisia wakati hakuna aliyewapa cha kupimia. Vyuo vyetu vya ufundi hufundisha magari na pikipiki. Kozi ya baiskeli ya wiki chache ingewatosha vijana wengi, nami naomba gazeti lako, ambalo husomwa na wakuu wa vyuo hivyo, liliandike jambo hili kwa herufi kubwa.

Baiskeli ikishaundwa, bado haijawa baiskeli yako mpaka irekebishwe kulingana na uzito wako na njia zako, na kwa haditeli kazi hii ni tofauti na kwa baiskeli yenye shoki mbele na nyuma. Hiyo ya pili ukiikalia huzama kote kuwili, kwa hiyo pembe ya shingo haibadiliki sana. Haditeli huzama mbele tu. Foki yangu ina safari ya milimita 130, yaani huo ndio urefu wote inaoweza kuzama. Mwanzoni niliijaza upepo kwa kufuata ushauri wa wenye baiskeli za shoki mbili, nikaiacha izame asilimia 30, na katika miteremko ya mawe ya Milima ya Taita pua ya baiskeli ilikuwa ikiinama kila nilipogusa breki, nami nikihisi nimesukumwa juu ya usukani. Hesabu yake si ngumu: kila foki inapozama kama milimita 20, pembe ya shingo husimama zaidi kwa takriban digrii moja, na baiskeli iliyochorwa iwe tulivu kwenye mteremko hugeuka ya wasiwasi. Nilipoongeza upepo hadi kuzama kukawa asilimia 18, yaani kama milimita 23 nikiwa nimesimama juu ya pedeli na vifaa vyangu vyote mwilini, ilitulia. Pete ya mpira iliyo kwenye mguu wa foki ndiyo inayokuonyesha kipimo hicho, ukishuka polepole bila kuitikisa. Kasi ya foki kurejea nayo niliianzia katikati, kisha nikaipunguza au kuiongeza mbofyo mmoja mmoja, nikirudia mteremko uleule, maana ikirejea polepole mno hukuta shimo la pili foki ikiwa bado imezama.

Kuhusu upole wa titani, ambao makala yenu iliupa aya nzima, ningependa tuseme kwa kiasi. Upole huo upo, na baada ya saa nne kwenye njia za changarawe za kwenda Kinango mgongo wangu huutambua, hasa kupitia nguzo nyembamba ya kiti ya milimita 27.2. Lakini pembetatu ya nyuma ya fremu yoyote hupinda kidogo mno kwenda juu na chini ukilinganisha na tairi lenye upana wa inchi 2.4. Shoki halisi ya nyuma ya haditeli ni hewa iliyo ndani ya tairi. Mimi nina kilo 76, na natumia matairi yasiyo na tyubu, yenye maji ya kuziba matundu: mbele upepo wa pauni 21, nyuma pauni 24. Nikipunguza nyuma hadi 21 rimu hugonga mawe. Nikipandisha hadi 30, titani yote ile inakuwa kana kwamba si kitu. Anayetaka kujua thamani ya fremu yake anunue kwanza geji ya upepo iliyo sahihi, kwa kuwa pampu nyingi hudanganya kwa pauni mbili tatu, na kwa tairi nene kiasi hicho kinahisika wazi.

Gia na breki hazina siri ya titani, ila kikono kinachoshika kibadili gia hufanywa kwa alumini laini kwa makusudi, ili kipinde chenyewe baiskeli inapoanguka na fremu isalimike. Gia zikianza kurukaruka baada ya kuanguka, kikono kinyooshwe au kibadilishwe kabla ya mtu kuanza kuchezea skrubu za marekebisho. Kikono hicho nacho kipakwe ile grisi ya shaba pale kinapogusa fremu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ile sentensi isahihishwe katika toleo lijalo, iseme kuwa fremu ya titani haishiki kutu lakini kila kipande cha alumini kinachoingia ndani yake kipakwe na kuchomolewa mara kwa mara, hasa Pwani. Juma lililopita kijana mmoja alinijia na fremu kama yangu, nguzo imekwama, na makala yenu ameikunja mfukoni. Tumeimwagia mafuta ya kulegeza, nayo inangoja uani kwangu. Jumamosi tutaujaribu msumeno.

Msomaji wako,
Likoni, Mombasa